Amri ya atomiki ilikuwa sahihi, keneli ikavunjika

Januari 2016 ulitangazwa udhaifu wa keneli ya Linux (kiini cha mfumo endeshi) uliopewa namba CVE-2016-0728. Ulikuwa katika sehemu inayotunza pete za funguo za michakato, yaani mikusanyo ya funguo za siri za programu zinazoendeshwa. Kila kitu ndani ya keneli chenye watumiaji zaidi ya mmoja hubeba hesabu ya marejeo: anayekishika huongeza moja, anayekiacha hupunguza moja, na hesabu ikifika sifuri kumbukumbu yake inaachiliwa. Mchakato ulipoomba kujiunga na pete ambayo tayari ilikuwa yake, fanksheni ilitoka kwa njia ya mkato bila kupunguza ile moja iliyokwisha kuongezwa. Kila ombi likawa linavujisha rejeo moja. Kihesabio kilikuwa cha biti 32, kwa hiyo mtumiaji asiye na mamlaka yoyote aliweza kurudia ombi hadi hesabu ikazunguka baada ya mara 4,294,967,296 na kurudi sifuri. Hapo keneli iliachilia kumbukumbu ambayo bado ilikuwa inatumika, na mshambulizi akaijaza data yake. Waliougundua walionyesha kuwa kazi yote ilichukua kama nusu saa kwenye prosesa ya Intel Core i7-5500, na mwisho wake ni mamlaka ya root, yaani ya msimamizi mkuu wa mfumo.

Katika mabilioni hayo ya maongezeko, amri ya atomiki, yaani ile inayobadilisha namba kwa hatua moja isiyogawanyika, haikukosea hata mara moja. Hakuna ongezeko lililopotea wala prosesa mbili zilizogongana. Kifuniko kilichoizunguka amri ile, aina inayoitwa `atomic_t`, kilitimiza kila kilichoahidi, ila kiliahidi kidogo mno.

Watu wengi wanapozungumzia kufunika operesheni za atomiki kwa usalama, wanafikiria kuficha asemli (lugha ya amri za prosesa zenyewe) nyuma ya fanksheni yenye jina zuri. Hiyo ni kazi ya lazima, lakini ndiyo sehemu ndogo. Kifuniko cha keneli kina mambo matatu ya kubeba: nani anaruhusiwa kuigusa namba ile na kwa njia gani, mpangilio wa kumbukumbu (zamu ambayo masomo na maandishi huonekana kwa prosesa nyingine) unaokuja na kila operesheni, na kinachotokea namba inapotoka nje ya mipaka yake. Kifuniko kinachobeba la kwanza pekee hakifai kuitwa salama, hata kama asemli yake haina dosari.

Asemli yenyewe

Tuanzie chini. Katika C, `n++` juu ya namba iliyo kwenye kumbukumbu ni hatua tatu: kusoma, kuongeza, kuandika. Prosesa mbili zikifanya hivyo kwa pamoja, ongezeko moja linapotea. Kwenye x86, familia ya prosesa za Intel na AMD, kompaila (programu inayotafsiri msimbo) inaweza kutoa amri moja tu, `inc` juu ya kumbukumbu, na hilo huwadanganya wengi. Amri moja haikatizwi katikati ndani ya prosesa yake, lakini bila kiambishi `lock` prosesa nyingine inaweza kuingia kati ya kusoma na kuandika. Ndiyo maana Linux huacha `lock` kwa makusudi kwenye vihesabio ambavyo kila prosesa ina nakala yake. Kwa kilichoshirikiwa, huiweka daima.

Hatua ya kwanza ya `atomic_t` inaonekana ndogo kuliko thamani yake: namba imewekwa ndani ya strakti yenye sehemu moja, `counter`. Kwa hiyo mtu akiandika `v++` au `v = 0`, kompaila inakataa. Hilo pekee limezuia makosa mengi kuliko hati yoyote ya maelezo, kwa sababu kosa linakamatwa kabla ya kukaguliwa na binadamu.

Asemli ya ndani ina mitego ambayo haionekani kwenye majaribio ya mezani. Chukua ARM ya biti 64 (prosesa za simu nyingi) kabla ya nyongeza ya ARMv8.1. Kuongeza kunafanywa kwa mzunguko: `ldxr` inasoma na kuweka alama ya umiliki, `add` inaongeza, `stxr` inajaribu kuandika, na ikishindwa unarudi mwanzo. Mzunguko wote lazima ukae ndani ya kipande kimoja cha asemli. Ukiandika `ldxr` katika fanksheni moja na `stxr` katika nyingine, ukidhani kompaila itaziunganisha vizuri, kompaila inaweza kuweka kati yake uandishi wa rejista (nafasi ndogo ya data ndani ya prosesa) kwenye rafu ya fanksheni. Uandishi huo unaweza kuifuta alama ya umiliki, `stxr` ikashindwa, mzunguko ukarudia, ukafutwa tena. Mashine inaganda bila ujumbe wowote.

Halafu kuna masharti unayoiambia kompaila. Rejista za matokeo zinaandikwa `"=&r"`, na ile alama ya `&` si pambo: inasema rejista hii itaandikwa kabla ya ingizo kumalizika kutumika, kwa hiyo usizipe mbili rejista moja. Ukiisahau, siku kompaila itakapoamua kubana rejista, thamani ya kuongeza itafutwa na `ldxr` kabla ya `add` kuifikia, na kosa hilo litatokea kwa toleo moja la kompaila na si jingine. Anwani nayo inapewa sharti `"+Q"`, linalodai iwe kwenye rejista moja bila nyongeza, kwa kuwa `ldxr` na `stxr` hazipokei anwani ya aina nyingine. Operesheni zenye ahadi ya mpangilio lazima pia zitaje `"memory"` katika orodha ya vinavyoharibiwa. Bila hiyo prosesa itatii mpangilio lakini kompaila, iliyokwisha kuhamisha masomo yake kabla ya asemli, haitatii.

Mpangilio wa anwani, yaani namba kuanzia kwenye anwani inayogawanyika kwa ukubwa wake, hauna mjadala. Kwenye x86 ya biti 32, namba ya biti 64 kwa kawaida inaweza kukaa kwenye anwani inayogawanyika kwa 4 tu, ndiyo maana `atomic64_t` pale inalazimishwa kukaa kwenye 8. Ikikatiza mistari miwili ya kashe, x86 italazimika kufunga njia nzima ya kumbukumbu na kila prosesa italipa gharama. Kwenye ARM, `ldxr` juu ya anwani isiyo sawa kwa kawaida huzua hitilafu palepale.

Mpangilio ndio unaoua

Sehemu ya pili ya ahadi ndiyo inayowashinda hata wazoefu, na hapa nadhani Linux imefanya uamuzi mmoja mzuri na mmoja wa kulalamikiwa. Kanuni zake ni hizi. `atomic_read` na `atomic_set` hazina mpangilio wowote. Operesheni inayobadilisha namba bila kurudisha thamani, kama `atomic_inc`, nayo haina mpangilio. Inayorudisha thamani, kama `atomic_inc_return` au `atomic_fetch_add`, ina mpangilio kamili pande zote mbili. Yenye masharti, kama `atomic_cmpxchg` inayobadilisha namba ikiwa tu bado ina thamani inayotarajiwa, ina mpangilio kamili ikifanikiwa, na haina wowote ikishindwa. Anayetaka kingine anaongeza kiambishi: `_relaxed` (legevu), `_acquire` (kutwaa) au `_release` (kuachia).

Uamuzi mzuri ni kwamba mpangilio uko kwenye jina. Msomaji wa `atomic_fetch_sub_release` hahitaji kufungua faili jingine. Wa kulalamikiwa ni kwamba jina fupi lina maana mbili tofauti kutegemea kama fanksheni inarudisha kitu. Mtu akibadilisha `atomic_inc_return` kuwa `atomic_inc` kwa sababu thamani haitumiki, anadhani amesafisha msimbo, kumbe ameondoa vizuizi viwili vya kumbukumbu. Kwenye x86 hakuna kitakachobadilika, kwa kuwa kila amri yenye `lock` ni kizuizi kamili hata usipoomba. Kwenye ARM msimbo umevunjika. Waandishi wengi wa draiva hujaribu kazi zao kwenye kompyuta ya x86, ilhali kifaa kitakachoiendesha keneli hiyo mkononi mwa mtumiaji wa Dar es Salaam au Kisumu mara nyingi ni simu ya Android, yaani Linux juu ya ARM. Kosa linaandikwa mahali lisipoweza kuonekana na linatokea mahali ambapo hakuna anayesoma kumbukumbu za keneli.

Mfano wa kosa la aina hii ni biti inayotumika kama kufuli. Mtu anaifunga kwa `test_and_set_bit`, ambayo inarudisha thamani na hivyo ina mpangilio kamili, kisha anaifungua kwa `clear_bit`, ambayo haina. Maandishi aliyofanya akiwa ndani ya kufuli yanaweza kuonekana kwa prosesa nyingine baada ya kufuli kuonekana limefunguliwa. Fanksheni sahihi ni `clear_bit_unlock`, na ipo tangu zamani. Ni neno moja tu la nyongeza.

Hata wenye kuandika vifuniko vyenyewe wamewahi kuteleza hapa. Hadi mwaka 2014, operesheni zenye mpangilio kamili kwenye ARM ya biti 64 ziliundwa kwa `ldaxr`, yaani kusoma kwa kutwaa, na `stlxr`, yaani kuandika kwa kuachia. Inaonekana sawa: kutwaa upande mmoja, kuachia upande wa pili, jumla yake kizuizi kamili. Will Deacon, mmoja wa watunzaji wa keneli upande wa ARM, alionyesha kuwa si hivyo. Kutwaa kunazuia vilivyo baada yake visipande juu, lakini hakuzuii vilivyo kabla visishuke. Kuachia kunazuia vya kabla visishuke chini yake, lakini hakuzuii vya baada visipande. Kwa hiyo operesheni iliyokuwa kabla ya `ldaxr` inaweza kushuka katikati, iliyokuwa baada ya `stlxr` ikapanda katikati, na humo ndani zikapishana. Marekebisho yalikuwa `ldxr` ya kawaida, `stlxr`, kisha `dmb ish` mwishoni.

Kisa hicho kina uzito zaidi leo, kwa sababu jozi ya `ldaxr` na `stlxr` ndiyo ambayo kompaila hutoa kwa operesheni za atomiki za C11 (toleo la lugha ya C la mwaka 2011) zenye mpangilio wake mkali kuliko yote, `seq_cst`, pale zisipotumika amri mpya za ARMv8.1. Kwa sheria za C11 hiyo ni sahihi. Kwa sheria za keneli haitoshi. Anayesema kwamba keneli ingetupa asemli yake na kutumia zana za lugha tu, anasahau kuwa mikataba hiyo miwili hailingani, na tofauti yake haionekani kwenye majina.

Keneli ina mkataba wake ulioandikwa rasmi tangu toleo la 4.17 la mwaka 2018, kwenye saraka ya `tools/memory-model`, kazi ya Jade Alglave, Luc Maranget, Paul McKenney, Andrea Parri na Alan Stern. Unaandika jaribio dogo lenye nyuzi (mikondo ya utekelezaji inayokwenda sambamba) mbili au tatu, unauliza kama matokeo fulani yanawezekana, na programu ya `herd7` inajibu kamwe, wakati mwingine au daima, kwa kupitia mipangilio yote inayoruhusiwa. Kwa maoni yangu kiraka (pendekezo la kubadilisha msimbo) kinachodai kuondoa kizuizi kwa ajili ya kasi kisipokelewe bila jaribio la namna hiyo. Mistari ishirini haimchoshi mtu, na inajibu swali ambalo saa 100 za majaribio kwenye mashine moja haziwezi kulijibu.

Operesheni mbili sahihi, jambo moja baya

Kifuniko kizuri cha operesheni moja hakizuii kuziunganisha vibaya. Mfano ni huu:

```c
if (atomic_read(&n) < MAX)
        atomic_inc(&n);
```

Kila mstari ni wa atomiki, jumla yake siyo. Nyuzi kumi zinaweza kusoma thamani moja chini ya kikomo na zote zikaongeza. Njia sahihi ni kusoma mara moja, kisha kujaribu kubadilisha kwa sharti kwamba hakuna aliyetangulia:

```c
int old = atomic_read(&n);
do {
        if (old >= MAX)
                return false;
} while (!atomic_try_cmpxchg(&n, &old, old + 1));
return true;
```

`atomic_try_cmpxchg` ikishindwa, inaweka thamani mpya ndani ya `old` yenyewe, kwa hiyo hakuna haja ya kusoma upya kwenye kumbukumbu. Na kipande hiki kisiachwe kikielea ndani ya draiva. Kipewe jina, kwa mfano `nafasi_chukua()`, kiwekwe alama ya `__must_check` ili anayepuuza jibu aonywe na kompaila, na `n` ifichwe ndani ya aina yake isiyofikiwa na faili lingine.

Kuna pia kosa la kinyume, la kutumia `atomic_t` pasipohitajika. Hati ya keneli inasema wazi kuwa ukijikuta unatumia `atomic_read` na `atomic_set` tu, hukuhitaji `atomic_t`. `READ_ONCE` na `WRITE_ONCE` juu ya namba ya kawaida zingetosha. Nami ningeongeza: ukijikuta unazo `atomic_t` mbili ambazo lazima zilingane, hukuhitaji yoyote kati yake, ulihitaji kufuli.

Ugumu wa kuunganisha unafika hata ndani ya vifuniko. Prosesa za biti 32 zisizo na amri ya atomiki ya biti 64 zinatumia `lib/atomic64.c`, yenye makufuli 16 yanayochaguliwa kwa anwani ya namba. Inavutia kudhani kuwa katika mpango huo `atomic64_set` inaweza kuandika moja kwa moja. Haiwezi. Tuseme uzi mmoja umeshika kufuli, umesoma 1, na uko karibu kuandika 2 kwa sharti kwamba thamani si 0. Mwingine anaandika 0 bila kufuli. Wa kwanza anaandika 2 juu yake. Sifuri imepotea, na sharti limevunjwa na operesheni iliyoonekana rahisi kuliko zote. Kwa hiyo kuandika nako lazima kushike kufuli. Anayebuni kifuniko kwa ajili ya prosesa dhaifu aanze kukagua hapo.

Si busara kuandika familia hizi zote kwa mkono. Linux inatunza jedwali moja, `scripts/atomic/atomics.tbl`, na hati zinazolisoma zinazalisha maumbo yote. Juu inakaa tabaka la `atomic_` lenye vipimo vya kukagua matumizi, na chini ya `raw_atomic_` kuna zile `arch_atomic_` za kila aina ya prosesa. Usanifu fulani ukitoa umbo legevu tu, mengine yanajengwa juu yake kwa vizuizi. Umbo la `raw_` lina matumizi halisi: msimbo wa kuingia ndani ya keneli, kabla mazingira hayajatengemaa, hauruhusiwi kuita vipimo. Nje ya hapo, `raw_` ndani ya draiva ni sababu ya kutosha ya kurudisha kiraka.

Aina nyembamba

Turudi kwenye ule udhaifu wa 2016. Mradi wa PaX, wa kuimarisha usalama wa keneli ya Linux, ulikuwa na dawa tangu zamani: kila `atomic_t` ikifurika, mfumo unalizuia ongezeko na kupiga kelele. Namba zinazoruhusiwa kuzunguka, kama takwimu, zilipewa aina nyingine, `atomic_unchecked_t`. Linux kuu ilikataa kubadilisha maana ya `atomic_t` na badala yake, katika toleo la 4.11 la mwaka 2017, ikaleta aina mpya ya kazi moja: `refcount_t`, iliyoandikwa na Peter Zijlstra.

Kwa usalama wa haraka njia ya PaX ilikuwa bora, kwa kuwa ililinda kila kitu bila kumsubiri mtu ahamishe msimbo. Hata hivyo naona njia ya Linux ndiyo sahihi kwa muda mrefu. `refcount_t` haina `cmpxchg`, haina operesheni za biti. Ina kile tu ambacho hesabu ya marejeo inahitaji, na kila kingine kinakataliwa na kompaila. Ukiongeza juu ya sifuri inakuonya kwamba unakigusa kitu kilichokwisha kuachiliwa. Ukipunguza chini ya sifuri inakuonya. Ikifurika inashiba: inabaki ilipo milele, kitu hakiachiliwi tena, na keneli inaandika ujumbe kwamba kumbukumbu inavuja. Shambulio la mamlaka ya root linageuka kuwa kilobaiti kadhaa zilizopotea hadi mashine iwashwe upya.

Toleo la kwanza lilitumia mzunguko wa `cmpxchg` kwa kila ongezeko, na waandishi wa sehemu ya mtandao ya keneli wakalalamika, kwa haki, kwa sababu wao huongeza na kupunguza marejeo kwa kila pakiti. Likafuata toleo la asemli kwa x86. Utatuzi wa kudumu ulifika katika Linux 5.5, Januari 2020: ongeza kwanza kwa amri moja ya `fetch_add`, angalia thamani ya zamani baadaye, na ikiwa mbaya andika thamani ya kushiba. Lakini kati ya kuongeza na kuandika kuna mwanya, na nyuzi nyingine zinaweza kuongeza humo. Kwa sababu hiyo thamani ya kushiba ni `INT_MIN / 2`, yaani 0xC0000000, katikati ya namba hasi. Kutoka hapo hadi kurudi sifuri kuna hatua 0x40000000. Idadi ya juu ya michakato ni 0x400000. Ukigawanya unapata 256: kila mchakato kwenye mashine iliyojaa ungelazimika kuwa ndani ya mwanya ule mara 256 kwa pamoja. Hivyo ndivyo kifuniko kinavyopaswa kutetewa, kwa hesabu inayoweza kukaguliwa na yeyote.

Mpangilio wake nao umechaguliwa kwa kazi yake. `refcount_inc` haina mpangilio, kwa kuwa anayeongeza tayari ana rejeo halali alilolipata kwa njia nyingine. `refcount_dec_and_test` inaachia wakati wa kupunguza na kutwaa inapofika sifuri. Ya kwanza inahakikisha maandishi yangu juu ya kitu yamekamilika kabla sijakiacha, na ya pili inahakikisha anayekiachilia ameyaona ya wote. Pasipo hizo, andiko langu lililochelewa lingetua kwenye kumbukumbu ambayo sasa ni ya kitu kingine.

Anayetafuta kitu kwenye orodha bila kufuli, chini ya RCU, utaratibu wa keneli unaoruhusu usomaji wa namna hiyo, atumie `refcount_inc_not_zero` na aheshimu jibu la hapana. Na kama vitu vinatoka kwenye hifadhi ya `SLAB_TYPESAFE_BY_RCU`, akishapata rejeo lazima alinganishe tena ufunguo wa kitu, kwa sababu kinaweza kuwa kimeachiliwa na kuzaliwa upya kama kingine kati ya kukiona na kukishika. Watu wengi wanakumbuka hatua ya kwanza na kusahau ya pili.

Rust na mshono wake

Rust, lugha ya programu inayokazia usalama wa kumbukumbu, iliingia Linux katika toleo la 6.1, Desemba 2022, na swali la atomiki likaja mara moja: je, itumie maktaba yake au mkataba wa keneli? Mwaka 2025 kazi ya Boqun Feng ilijibu kwa aina ya `Atomic<T>` inayoita operesheni zilezile za C. Huo ndio uamuzi sahihi, kwa sababu niliyoitaja ya ARM. Mipangilio yake ni `Relaxed`, `Acquire`, `Release` na `Full`, na `SeqCst` haimo. Mpangilio ni aina na si thamani, kwa hiyo kuandika kwa `Acquire`, jambo lisilo na maana, hakukompailiki.

Kinachonivutia zaidi ni udhibiti wa `T`. Aina yoyote inayotaka kuingia humo lazima ilingane kwa ukubwa na mpangilio wa anwani na namba kamili inayoibeba, na thamani yake iweze kwenda na kurudi bila kuharibika. Strakti yenye baiti tupu kati ya sehemu zake inakataliwa, kwa kuwa `cmpxchg` hulinganisha biti zote, hata zile ambazo hakuna aliyeziandika. Kuongeza nako ni ruhusa ya peke yake: hali yenye majina matatu, 0, 1 na 2, inaweza kubadilishwa kiatomiki, lakini kuiongeza moja kungeweza kuleta 3, ambayo kwa Rust si thamani halali. Hesabu ya marejeo ya `Arc` (pointa ya Rust ya kushirikiana kitu kimoja) ndani ya keneli inatumia `refcount_t`. Ile ya maktaba ya kawaida huzima programu nzima ikifurika, jambo ambalo keneli haiwezi kujiruhusu.

Gharama ipo. Fanksheni nyingi za atomiki katika C ni za kubandikwa mahali zinapoitwa, na Rust haiwezi kuzifikia bila fanksheni saidizi ya katikati. Pale C inapotoa amri moja, Rust inaweza kutoa wito mzima wa fanksheni. Kwa draiva nyingi ni bei ya haki. Kwa njia inayopita mamilioni ya pakiti kwa sekunde siyo, na hapo kompaila zote mbili zinahitaji kuunganisha kazi zao kabla ya kuzalisha msimbo wa mwisho.

Udhaifu uliobaki uko kwenye mshono wa lugha mbili. `Atomic::from_ptr` inachukua pointa kutoka C na kuitendea kama atomiki. Imewekwa alama ya `unsafe`, na masharti yake ni kwamba pointa iwe hai, ikae kwenye anwani sahihi, na asiwepo anayeigusa sehemu hiyo kwa njia isiyo ya atomiki kwa wakati uleule. Sharti la mwisho linahusu faili za C ambazo kompaila ya Rust haizioni. Mstari mmoja wa zamani wa `p->flags |= 1` unatosha kulivunja, na hautatoa onyo. Kwa hiyo maelezo ya usalama juu ya wito huo yasiishie kwenye "pointa ni halali". Mkaguzi adai orodha ya kila mahali katika C panapogusa sehemu ile, kila mahali hapo pawe na `READ_ONCE`, `WRITE_ONCE` au `atomic_t`, kisha keneli iendeshwe kwenye ARM huku KCSAN, chombo chake cha kunasa migongano ya data, ikiwa imewashwa. Kwa mipangilio yake ya awali chombo hicho hukagua operesheni moja katika kila 4,000 na kuisubirisha maikrosekunde 80, kwa hiyo jaribio la dakika mbili halithibitishi kitu. Liachwe usiku kucha, na `CONFIG_KCSAN_SKIP_WATCH` ishushwe chini kadiri mashine itakavyovumilia.